Ufagio wa Kununua: Watoto Wetu, Malighafi za Porini na Kazi za Mikono Arua na Koboko

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wazazi na walimu wa shule za awali, Arua



Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, pita sokoni hapa Arua uone fagio zinavyouzwa. Mzazi ameshika karatasi ya mahitaji aliyopewa na shule: sabuni, karatasi za chooni, daftari, ufagio. Analipa, ufagio unafungwa juu ya sanduku la mtoto, bodaboda inaondoka. Muhula ukikaribia kwisha, mzazi yuleyule anarudi sokoni. Safari hii anatafuta mkeka mdogo au kikapu, kwa sababu mtoto ameambiwa alete kazi ya mikono apewe alama. Mwalimu anajua kwamba mkeka umenunuliwa. Mzazi anajua. Mtoto ndiye anayejua zaidi, na alama inaandikwa.

Mimi pia nimenunua. Binti yangu alikuwa na miaka minane, nikampa kikapu kilichosukwa na mama mmoja ambaye hatukumuuliza hata jina lake. Njiani kuelekea shuleni akaniuliza, "Baba, nikiulizwa nimekitengeneza vipi niseme nini?" Sikuwa na jibu, na swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Ninachoomba tukubaliane hapa ni jambo moja. Kazi ya mikono ya mtoto ianzie pale malighafi inapoota au inapochimbwa, na iishie nyumbani, mahali kile kitu kitakapotumika. Tukikata ncha hizo mbili, tukamletea mtoto ukindu uliokwisha kuchanwa na kutiwa rangi, kisha kazi yake tukaitundika ukutani, tumempa zoezi la vidole tu. Hatajua ukindu huo huota wapi, hukatwa mwezi gani, shamba lile ni la nani, wala nani huombwa ruhusa. Kwetu West Nile hayo ndiyo sehemu kubwa ya elimu yenyewe.

Msimu ndio mwalimu wa kwanza

Wale tuliokulia Koboko tunakumbuka mwezi wa Desemba, mtama ukishavunwa na mabua yamesimama makavu shambani. Hakuna aliyetufundisha somo lolote, ila kila mtoto alikuwa fundi. Bua la mtama lina sehemu mbili: ganda gumu la nje, na kiini chepesi cheupe cha ndani. Ukilichana ganda unapata vijiti vyembamba vya kuchomeka, na kiini unakikata vipande vya kuunganishwa. Kwa vitu hivyo viwili tulitengeneza miwani, baiskeli, vitanda na nyumba zenye milango. Hapakuwa na gundi wala msumari. Leo watoto wanaoishi kando ya barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, wanatengeneza malori ya matela kama yale yanayopita mbele ya nyumba zao kuelekea Sudan Kusini. Nimeona lori la mabua lenye ekseli nyuma, matairi yamepangwa mawili mawili kama inavyotakiwa. Aliyelitengeneza hajawahi kupanda lori. Amelitazama tu, siku nyingi.

Kwa walimu niseme hivi: ganda la bua hukata kama wembe. Mtoto wa miaka minne apewe kiini avunje kwa mkono, na kuchana ganda aachiwe mkubwa. Baadaye atachana mwenyewe, na atajikata mara moja, kisha hatajikata tena.

Januari na Februari ni miezi ya nyasi za kuezekea. Maji mtoni yamepungua, na kingo zinaonyesha udongo wa mfinyanzi. Mvua za kwanza zikishuka, nyasi zinaachwa ziote, na macho yote yanageukia vichuguu. Kalenda hiyo haiko ukutani katika madarasa mengi, na ningependa mwalimu aichore na watoto wake kabla ya kuchora kitu kingine chochote.

Usiku wa kumbikumbi

Naomba nikae hapa kidogo, maana sijui shughuli nyingine ya familia nje ya nyumba inayokusanya mambo mengi kama hii. Walugbara huwaita kumbikumbi onya, na kila mmoja wetu hapa ameshawala, wakavu au wamesagwa pamoja na karanga. Lakini wengi wetu, hasa tunaoishi mjini, hatujawahi kuwaketisha watoto wetu kando ya kichuguu.

Kichuguu kina mwenyewe. Hilo ndilo la kwanza mtoto kujifunza: kilima cha udongo kilichoonekana kama cha porini ni mali ya nyumba fulani, babu alimwachia baba. Kisha inakuja kazi ya mikono. Matundu ya kumbikumbi yanatazamwa mchana, udongo unasafishwa, shimo dogo linachimbwa kando. Fito zinakunjwa juu yake kama kibanda cha sungura, zinafungwa kwa kamba ya gome, zinafunikwa majani au blanketi kuukuu. Usiku, kwa wale kumbikumbi wanaofuata mwanga, mwenge wa nyasi unashikwa upande wa shimo. Wanatoka, wanaufuata mwanga, wanaanguka. Wako wengine wanaotoka mchana, na hao huitwa kwa kugonga vijiti juu ya kipande cha mbao kilicholazwa chini. Wazee wanasema mdundo ule unafanana na matone ya mvua.

Angalieni mtoto anachopata usiku mmoja. Amejenga kitu kwa fito, na ataona kabla ya kulala kama kimefanya kazi au la. Amejifunza kungoja. Amekaa na baba yake saa tatu gizani bila simu, na baba hakuwa akimkagua daftari, alikuwa akifanya naye kazi. Nasema baba kwa makusudi. Katika mikutano kama hii akina mama huwa wengi, na akina baba wakija huuliza karo. Kichuguu ni mahali ambapo baba hana sababu ya kukosa.

Udongo

Shule zote Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa kwa wote ilikuwa tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Tulihuzunika, na tulikuwa na haki ya kuhuzunika, kwani wako watoto ambao hawakurudi darasani tena. Lakini katika kipindi hicho, nyumbani kwetu Koboko, watoto walimgundua upya jirani yetu mzee aliyekuwa mfinyanzi enzi za ujana wake. Walikwenda kwake kucheza, akawaweka kazini.

Aliwapeleka mtoni. Udongo wa juu wenye mizizi waliutupa, wakachimba hadi ule wa kijivu unaonata. Akawaonyesha namna ya kuujaribu: kunja kamba ya udongo kwenye kidole, ikipasuka, rudi uchimbe pengine. Nyumbani waliutoa mawe kwa vidole, wakauponda kwa miguu, kisha wakachanganya unga wa vigae. Hapo watoto walishangaa. Chungu kilichovunjika kinasagwa na kutiwa ndani ya chungu kipya, kwa sababu vile vipande vilivyokwisha kupitia moto huzuia udongo mpya usijikunje na kupasuka. Walifinyanga kwa kuviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, wakalainisha kwa kokoto ya mtoni. Baada ya hapo vitu viliwekwa kivulini siku nyingi.

Mwanangu wa kiume hakuweza kungoja. Ng'ombe wake wa udongo alimwingiza motoni siku ya tatu, naye akapasuka kwa kishindo. Mzee hakumkaripia. Alichukua kipande, akamwonyesha rangi nyeusi ya unyevu iliyobaki katikati, akamweleza kwamba maji yaliyofungiwa ndani yakipata moto hugeuka mvuke, na mvuke lazima utoke. Miezi kadhaa baadaye, shule zilipofunguliwa, mtoto huyo alifika kwenye somo la maji na mvuke akiwa tayari analijua kwa mikono.

Wakati mwingine watoto hufinyanga wanyama. Ng'ombe, mbuzi, tembo. Sijawahi kumwona mtoto wa hapa akifinyanga kifaru, ingawa tuna mahali panapoitwa Rhino Camp, na mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja ukingo huu wa Nile kuwinda vifaru weupe. Vifaru wa mwitu walikwisha Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtoto hufinyanga alichokiona au alichosimuliwa, na sisi hatujawasimulia.

Kawa la bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnubi wa Koboko. Mwaka 1980, watu wa West Nile walipokimbia kwa maelfu kuingia Sudan na Zaire, alivuka mpaka na watoto wawili, sufuria, na sindano kubwa ya gunia. Sindano hiyo ndiyo iliyomlisha ugenini. Alisuka tabaga, kawa la Kinubi lenye rangi, ambalo kila mmoja wenu ameliona likifunika sinia siku ya Idi au ya harusi.

Tabaga huanza na fundo dogo katikati. Mshikano wa nyasi nyembamba unazungushwa kama konokono, na kila mzunguko unashonewa kwenye ule uliotangulia kwa ukindu uliotiwa rangi. Siri iko kwenye hesabu. Duara linapopanuka, mishono inaongezeka, na ukitaka pembe nyekundu itokee mahali pake lazima ujue mishono mingapi imebaki kabla hujaifikia. Bibi hakusoma hata darasa moja. Aligawanya duara sehemu sita, nane au kumi na mbili bila kuandika kitu, na alipokosea aliona mizunguko miwili mapema, akafumua.

Alitufundisha chini ya mwembe, kamwe si ndani ya nyumba, kwa sababu ndani rangi hudanganya macho. Wavulana kwa wasichana tulishika sindano. Kawa langu la kwanza lilijipinda upande mmoja, na bibi alilitumia kufunika mihogo kila siku kwa miaka mingi, wageni wakiwapo na wasipokuwapo. Sikuwahi kupewa sifa ya maneno. Nilikiona kitu changu mezani kikifanya kazi, na hadi leo najua kushona duara.

Mwaka 1953 Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere, na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Nakiheshimu sana. Hata hivyo, michoro ya msuko haimpi mtoto mkono wa kusuka. Kwa hilo anahitaji mtu aliye hai aketi naye. Wasukaji wengi wa tabaga tulionao Koboko na hapa Arua ni wazee sasa. Naomba shule ziwaite, na ziwalipe. Shule moja ya awali niliyoitembelea ilikuwa imewatoza wazazi pesa za karatasi za rangi na shanga za plastiki kwa ajili ya kazi za mikono, na nyuma ya uzio wake nyasi zilikuwa zimefika kifuani.

Yanayohitaji tahadhari

Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile za mturituri, watoto huzipenda kwa macho ya wanasesere na kwa shanga. Ni sumu kali zikitobolewa au kutafunwa. Zisitumike kabisa, wala mbegu za mbarika. Wanaoishi kando ya Nile wasiwaache watoto wasimame majini wakitafuta matete, kwani kichocho kipo. Na nyasi ndefu zigongwegongwe kwa fimbo kabla mtoto hajaingia, kwa sababu ya nyoka.

Kuna tahadhari nyingine, nayo ni ya watu. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi wengi, kule Rhino Camp na Imvepi, na kule Lobule Koboko waliko ndugu zetu kutoka Kongo. Nyasi, fito na kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wenyeji na wageni, na miti tuliyokuwa nayo ilikwisha kupungua zamani, mingi ikiwa imechomwa kukaushia tumbaku. Kwa hiyo mwalimu anayepeleka watoto arobaini kukata nyasi awe ameongea na mwenye shamba kwanza, na watoto wawepo wakati anaongea, wasikie ruhusa inavyoombwa. Pale penye watoto wa pande zote mbili, wachanganywe katika kazi moja. Mama wa Kikongo hufunga ufagio kwa namna yake na mama wa Kikakwa kwa yake. Watoto wafunge zote mbili, wafagie, waone.

Tena mianzi na mikindu ipandwe. Kila shule yenye kipande cha ardhi kinyevu inaweza kuotesha vya kwake, na mtoto wa darasa la kwanza akipanda leo, atakata kabla hajamaliza la saba.

Kuhusu ufagio, nina ombi kwa walimu wakuu waliomo humu. Kwenye karatasi ya mahitaji ya muhula ujao, mahali palipoandikwa "ufagio", ongezeni maneno mawili: "uliofungwa nyumbani". Utakuja uliolegea. Upokeeni hivyohivyo, na ukikatika mtoto aufunge upya palepale shuleni.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na sehemu ya pili ya mada hii haiwezi kufanyika ndani ya ukumbi. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya jua kali, tutashuka mto Enyau. Kila mzazi aje na mtoto wake, ndoo moja, na jembe la mpini mfupi. Mwenye chungu kilichovunjika nyumbani alete vigae. Tutaanza kwa kuvisaga.