Mbolea na Dawa Katika Punje Moja: Afisa wa Kilimo Azungumza na Wakulima wa Embu

Sitawaweka sana, maana mvua ya vuli iko mlangoni na kila mtu ana shamba la kutayarisha.

Mara nyingi mnaniuliza CAN ina kasoro gani, mbona mahindi yanageuka manjano wiki chache tu baada ya kuwekewa. Mara nyingi kasoro si ya mbolea. Naitrojeni yake huyeyuka upesi. Mvua kubwa ikipiga miteremko yetu, sehemu huzama chini ya mizizi, nyingine huteremka hadi Rupingazi, au Kathita kwa majirani zetu wa Meru, kisha Tana. Dawa ya wadudu iliyomwagwa mchangani yaweza kufuata njia hiyo hiyo, na maji hayo tunayanywa.

Ndiyo sababu watafiti wanatengeneza punje zinazoachilia chakula polepole. Mbolea hushikwa ndani ya udongo wa mfinyanzi, wanga au nyuzi za mabaki ya mazao; maji yakiingia kidogo kidogo, nayo hutoka kidogo kidogo. India ilichukua njia rahisi: mwaka 2015 iliagiza yurea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini.

Wengine wanatia na dawa ya wadudu ndani ya punje hiyo hiyo. Kwa mche wa kahawa naona faida, kazi mbili zinakuwa moja. Lakini mmea hula kila msimu, wadudu hawaji kila msimu, na punje ikishafukiwa huwezi kuitoa dawa. Kwa miraa na muguka siwashauri kabisa. Majani huchumwa mara kwa mara na kutafunwa mabichi. Utajuaje dawa inayotoka polepole imeisha lini? Sukuma wiki vilevile.

Akija mtu na gunia la "mbili kwa moja", tafuta nambari ya usajili ya PCPB kwenye lebo. Haipo? Mrudishie gunia lake. Wala msichanganye wenyewe kwenye karai, tafadhali.

Msimu huu gawanyeni CAN mara mbili, mahindi yakifika magotini na tena kabla ya kuchanua. Ifukieni. Samadi nayo husaidia udongo kushika chakula.

Sasa maswali. Mama wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja muguka.