Twahara ya Maji na Kazi ya Viumbe Wasioonekana

 

Ndugu zetu Waislamu, twaulizwa na wanafunzi wa Mbeya na Iringa: maji yatokayo katika mabwawa ya majitaka ya miji hii yana hukumu gani?

Kwanza tufahamu kazi ifanyikayo humo. Majitaka huingia katika bwawa lenye kina kirefu, ambamo bakteria wasiohitaji hewa huila taka na kuivunjavunja. Kisha hupita katika bwawa la kina kifupi. Humo mwani, kwa nguvu ya jua, hutoa oksijeni, na bakteria wengine huitumia kumaliza kilichobaki. Mwisho maji hulazwa siku kadhaa, jua likaua vijidudu vya maradhi. Baridi ya Juni na Julai, ambayo wenyeji wa nyanda hizi hawahitaji kuhadithiwa, hupunguza kasi ya kazi hiyo.

Mwaka 1978 Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudi Arabia liliamua kwamba majitaka yakisafishwa hata pasibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, huwa twahara, nayo yafaa kutawadhia. Wakaongeza kwamba yakiwa na madhara kwa afya, yaepukwe kwa ajili ya madhara hayo. Kwetu sisi, nyongeza hii ndiyo yenye uzito. Maji ya mabwawa kwa kawaida hayajafikia daraja hiyo, na amwagiliaye mchicha wa kuuza sokoni alijue hilo.

Tena uko uchafu usiojionyesha kwa rangi wala harufu. Huko Chunya wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki ni elementi; bakteria hawawezi kuila ikaisha. Bali baadhi yao, katika tope lisilo na hewa, huigeuza kuwa zebaki-methili, sumu ijikusanyayo katika samaki na kuudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni. Sumu hiyo, iliyomwagwa baharini na kiwanda, ndiyo iliyowapata watu wa Minamata, Japani, ambako maradhi yake yalitambuliwa mwaka 1956. Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2020.

Basi aoshaye mchanga wenye zebaki kando ya kijito kiendacho Ziwa Rukwa asitoe hoja kwamba maji yangali meupe. Na aifanye kazi hiyo katika karo lililosakafiwa, mbali na mto, na mvuke wake aunase katika chombo kilichofungwa, wala asiuchome jikoni mbele ya watoto.