Batri ya 12 haiko ya 12: maelezo juu ya gari ya chama na simu saba zilizoungua

(Maneno haya tuliyasema ku Rumangabo, mu mkutano wa wanachama wa mwisho wa mwezi. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.)



Tangu ile siku ya simu, kila tunapopita mu njia tunaulizwa swali moja: ziliungua namna gani? Wengine walisema ni radi. Wengine walisema fundi wetu alilewa. Hapana. Ni sisi, timu ya mradi, na leo tunataka kueleza wazi, sababu ile gari ni ya michango yenu.

Munaijua gari yetu, ile taksi-bisi nzee tuliyotoa viti vya nyuma. Inatoka hapa, inapanda Rugari, inafika Kibumba, na siku zingine inaenda hadi Kiwanja. Tunaandikisha humo majina ya familia zinazorudi, tunachaji simu, tunasikiliza redio, na usiku tunalala humo. Ni ofisi na ni nyumba. Ina plake moja juu ya paa, batri moja nyuma, taa nne, modemu na meza ya kuchajia.

Kuna wafadhili walituuliza kwa nini gari ihangaike na umeme wakati Rumangabo iko na umeme. Ni kweli: tangu mwezi wa kumi na mbili 2015, kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru kinafanya kazi, na nyaya zinapita hapa karibu. Lakini mtu aliyerudi akakuta nyumba haina bati hawezi kuanza na konta. Na simu yake haiwezi kungoja bati. Tangu benki za Goma zifunge milango mwanzoni mwa 2025, pesa za watu zinapita mu simu. Simu ndiyo benki, ndiyo posta, na kwa wengi ndiyo kamba ya mwisho inayowafunga na mtoto aliyebaki Uganda.

Sasa tuingie mu jambo lenyewe. Kijana mmoja wa meza alituambia: «Batri iko ya 12, sharjeri iko ya 12, tatizo iko wapi?» Sisi wenyewe tuliwaza hivyo miezi mingi. Tatizo liko hapa: ile 12 ni jina tu. Batri ya gari ina vyumba sita, kila chumba volti 2 na kidogo. Ikijaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,7. Ikichoka inashuka chini ya 12. Washa moteri, altaneta inaisukuma hadi 14 na kitu. Plake nayo, hata ikiandikwa 12, ukiipima mu jua bila kuifunga popote, inaweza kuonyesha 21. Kamiyo ndiyo hatari zaidi: ina batri mbili zilizofuatana, ni 24, na moteri ikizunguka inafika 28.

Simu yenyewe kupitia waya wa kawaida inataka 5. Tano tu. Kati ya 14 na 5 lazima kuwe na mtu wa kushusha, na huyo mtu ndiye regilateri. Wengi watasema: lakini gari ina regilateri, tuliinunua pamoja na plake! Ndiyo, na hapo ndipo tulijidanganya. Ile ya plake inachunga batri isijazwe kupita kiasi. Haichungi simu yako.

Siku ile batri yetu ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wanapanga laini tangu asubuhi, na tuliona aibu kuwarudisha. Dereva mmoja wa kamiyo ya makala akatuambia tuchukue umeme kwake. Tukafunga waya. Hakuna aliyepima. Moteri yake ilikuwa inazunguka. Zile sharjeri ndogo za bei rahisi zilikuwa zimeandikwa 12, na zikapokea 28. Kile kidude cha ndani kinachoshusha umeme kikapasuka, na kikipasuka vibaya hakifungi njia, kinaachia umeme wote upite. Kwa dakika moja simu saba.

Pesa za simu hazikupotea, ziko mu laini, na watu walizipata kwa simu zingine. Lakini mama mmoja wa hapa Kisigari alikuwa ameweka namba ya kijana wake mu simu yenyewe, si mu laini. Kijana yuko mu kambi ya Nakivale. Alikuwa anapiga kila Jumapili kwa namba za kuazima, na mama alikuwa amepata namba moja ya kudumu majuma mawili tu kabla. Tuliongea naye. Hakutukemea, na hiyo ndiyo ilituuma zaidi.

Chama kimelipa simu tano. Mbili bado tunadaiwa, na ziko mu daftari.

Tuseme pia neno ambalo wafadhili hawatalipenda, na sisi hatulipendi. Mu bajeti ya kwanza tulikuwa tumeandika testeri ya kupima volti, regilateri tatu na fizibule. Hesabu ilipozidi, tukavifuta sisi wenyewe, kwa mkono wetu. Tulibakiza t-shati na ile bango kubwa. Vile vitu tulivyofuta tumevinunua sasa mu soko la Goma, na vyote pamoja havifiki bei ya simu moja nzuri.

Tulichobadilisha ni hiki. Kuna regilateri za aina mbili. Ile ya miguu mitatu, mafundi wanaiita 7805, ni rahisi sana lakini inashusha kwa kuchoma. Ukiipa 14 na kuomba 5 kwa amperi moja, inatupa wati 9 kama joto ili ikupe wati 5. Tuliijaribu; ilitosha kupasha chai. Ya pili inakata umeme vipande vipande kwa haraka sana na kuulainisha, haipotezi mengi, na haipati moto sana. Hiyo ndiyo tumefunga. Ina kaskrubu kadogo ka kupanga volti: unapanga kwanza, unapima kwa testeri, ndipo unafunga simu. Usigeuze hiyo hatua. Taa na modemu zinazotaka 12 kamili zina yao peke yake, inayoweza kupandisha na kushusha, kwa sababu batri mara iko juu ya 12, mara iko chini.

Na waya! Hapa tulijifunza kwa jasho. Mwanzoni tuliweka regilateri karibu na batri, tukavuta 5 hadi meza kwa waya mwembamba wa mita tano. Simu zilikuwa zinaonyesha zinachaji lakini hazijai. Waya wa milimita mraba 0,5 kwa umbali huo, kwenda na kurudi, ukivuta amperi 5, unakula karibu volti 1,75. Ukitoka na 14, hasara hiyo unaivumilia. Ukitoka na 5, unabaki na 3 na kidogo. Basi tumevuta umeme wa batri kwa waya mnene hadi mezani, na kushusha hapo hapo mezani. Fizibule iko kule mwanzo, karibu na batri, kwa maana sisi tunalala mu ile gari, na waya ukigusana usiku tusiungue pamoja na madaftari.

Kamiyo hatufungi tena, hata laini ya watu ifike barabarani. Ubao umeandikwa mlangoni: «Pima kwanza». Aliye na testeri ni mtu mmoja kwa zamu, na jina lake linaandikwa.

Jumapili baada ya ibada leteni sharjeri zenu za gari na za moto. Tutazipima bure, mbele yenu. Na mwenye ndugu Nakivale anayeweza kuuliza kwa niaba ya yule mama, aje atuone pembeni. Jina la kijana tutampa yeye peke yake.