Nendeni Njiapanda Kabla ya Kuchora



Wahitimu wa uhandisi ujenzi, baadhi yenu mtaajiriwa TANROADS, wengine TARURA, na huko mtakutana na swali ambalo halikuwa kwenye mtihani. Barabara kuu ni ya TANROADS. Ya mtaani, tangu 2017, iko chini ya TARURA. Zinapokutana, njiapanda ni ya nani? Mtoto anayevuka hajui mpaka wa ofisi ulipo, na barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kuomba tuta inaweza kuzungushwa hadi mwenyekiti mwenyewe amalize muhula wake wa uongozi.

Jiji letu la Dar es Salaam limejenga makubwa. Makutano ya TAZARA yalipata daraja la juu la Mfugale 2018, Ubungo likaja la Kijazi 2021, nasi tukapiga picha juu yake. Ila kila kona ya Tandika au Tegeta haiwezi kupata daraja la juu. Huko kunahitajika tuta, zebra, na nguzo za kuzuia bodaboda wasipande njia ya waenda kwa miguu.

Tutajuaje pa kuanzia? Kwa kawaida orodha ya maeneo hatarishi hutokana na taarifa za polisi. Aliyegongwa na bodaboda, akanunua dawa dukani na kwenda zake nyumbani, humo hayumo. Shirika la Amend liliwatafuta watu wa namna hiyo: lilihesabu watoto walioumia kuzunguka shule za msingi, likapita njia wanazopita, ndipo likajenga njia za miguu, matuta na vivuko. Kuna mahali hata geti la shule lilihamishwa lisielekee barabara yenye magari mengi. Utafiti ulionyesha majeruhi walipungua kwa asilimia 26 hivi, na mwaka 2019 mpango huo, SARSAI, ukashinda tuzo ya kimataifa ya Ross kwa ajili ya miji. Matuta yameshinda tuzo, jamani!

Basi ukikabidhiwa njiapanda yako ya kwanza, nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule. Muulize mama ntilie, waulize vijana wa kijiwe cha bajaji. Wanajua gari huserereka wapi mvua ikinyesha. Na ukishajenga, rudi. Rangi ya zebra hufutika, na tuta lisilo na kibao huangusha pikipiki usiku.