Kazi ya Hoteli si Uboi: Tuwajengee Vijana Ngazi ya Kupanda

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu washauri wa wanafunzi na maofisa utumishi, kuhusu mafunzo ya kazi za hoteli na utalii nchini.



Napenda kuanza na neno moja ambalo halimo katika mtaala wa chuo chochote, lakini bado limo vichwani mwetu. Neno hilo ni "boi". Katika enzi ya ukoloni, mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa boi kwa sababu alimpikia Mzungu, akamfulia na kumtandikia kitanda. Ukoloni ulikwisha, lakini dharau ile ilibaki. Ndiyo maana mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepata nafasi ya kusomea kazi za hoteli, huuliza kwa masikitiko kama hiyo ndiyo faida ya karo yote aliyolipa. Na ndiyo maana katika shule nyingi kazi hizi hutajwa kwa wanafunzi waliokosa nafasi mahali pengine.

Dharau hiyo haikuwa bila sababu. Mwaka 1970 palizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard kuhusu nafasi ya utalii katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Hoja zake zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Waliopinga walihofia kwamba tungejenga mahoteli ya fahari, kisha wananchi wetu wakawa watumishi wa kuinamia wageni. Hofu hiyo haifai kupuuzwa hata leo. Watalii kutoka nje walizidi milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi kiasi cha 620,000 mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, na mwaka 2024 wakapita milioni 2. Swali la kujiuliza ni hili: kijana anayeingia katika kazi hiyo kwa mlango wa jikoni anaweza kufika katika ofisi ya meneja? Kama hawezi, basi wale waliopinga mwaka 1970 walisema kweli.

Ndugu Walimu, wapo wanaodhani kwamba kazi hizi hazihitaji elimu. Tuchukue mfano wa mpishi. Hoteli imenunua samaki wa kilo 10 kwa shilingi 10,000 kila kilo, yaani shilingi 100,000. Akishaondolewa kichwa, mifupa na matumbo, tuseme zimebaki kilo 5 za nyama. Kilo moja ya nyama hiyo sasa imegharimu shilingi 20,000, na sahani yenye gramu 200 imegharimu shilingi 4,000 kabla ya kuhesabu mafuta, moto na mshahara. Mpishi asiyejua hesabu hii atadhani sahani hiyo ni ya shilingi 2,000, naye ataifilisi hoteli huku wageni wakimsifu. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, lakini imevaa aproni.

Kadhalika mwongoza wageni. Anayempeleka mgeni Ngorongoro hana budi kueleza jinsi kreta ile ilivyotokana na volkano iliyodidimia. Akifika Oldupai ataulizwa juu ya fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, na juu ya nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6. Tena huenda akahitajika kuyaeleza hayo kwa Kifaransa, Kijerumani au Kichina. Basi jiografia, historia, biolojia na lugha tunazofundisha ndizo mtaji wa kazi yake.

Vyuo tunavyo. Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimefundisha usimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1963. Pasiansi, Mwanza, hufundishwa askari wa wanyamapori. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam na Arusha. VETA nayo hutoa vyeti vya ufundi stadi daraja la 1 hadi la 3, na juu yake ipo astashahada ya awali, astashahada, stashahada na hatimaye shahada. Jirani zetu wa Kenya walifungua Chuo cha Utalii mjini Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na sifa ya wahitimu wake ilivuka mipaka.

Katika karatasi, basi, ngazi ipo. Ila baadhi ya vipandio vyake vimekatika, na ningependa kuvitaja vitatu.

Kipandio cha kwanza ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hupelekwa hotelini kwa miezi kadhaa ili aone mapokezi, jiko, vyumba na stoo. Mara nyingi huishia kuosha vyombo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa hoteli imepata mikono ya bure. Chuo kinachompeleka mwanafunzi bila kumkagua kinashiriki kosa hilo. Kila idara aipitie kwa muda uliopangwa, na msimamizi atie sahihi juu ya alichojifunza, si juu ya mahudhurio tu.

Kipandio cha pili ni cha mfanyakazi mkongwe asiye na cheti. Yupo mama aliyetandika vyumba zaidi ya kumi kila zamu kwa miaka 15, na yeye ndiye huwafundisha wageni wa kazi. Nafasi ya usimamizi inapotokea, hupewa kijana aliyefundishwa na mama huyo huyo, kwa sababu kijana ana karatasi. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi upo: mfanyakazi hupimwa kwa anachokiweza, akapewa cheti. Waajiri na wafanyakazi wengi hawaujui, na hapa ndipo maofisa wetu wanapotakiwa. Aidha, wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, kambi nyingi za mbugani hufungwa na vibarua hurudishwa makwao. Miezi hiyo ya njaa ingefaa iwe miezi ya kozi fupi na ya kupima ujuzi.

Kipandio cha tatu ni cha juu kabisa. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania ashike kazi hiyo. Mpango huo usiwe karatasi ya kuombea kibali tu. Ofisa anayepitia maombi aulize: Mtanzania anayeandaliwa ni nani? Amefundishwa nini tangu kibali kilichopita? Maswali hayo mawili yana nguvu kuliko hotuba kumi kama hii yangu.

Sitakuwa mkweli nikinyamazia hofu ya wazazi juu ya mabinti zao. Wanahofia zamu za usiku na wageni wasio na adabu. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumcheka mzazi. Huondolewa kwa gari la kuwarudisha wafanyakazi nyumbani usiku, kwa mkataba wa maandishi, na kwa meneja anayemlinda mhudumu wake hata dhidi ya mgeni mwenye fedha. Heshima ya kazi huanza na heshima ya mfanyakazi.

Ndugu zangu, ukarimu kwetu si jambo la kuazima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona akiwa mpagazi maisha yake yote katika nyumba yake mwenyewe. Walimu, waambieni vijana kazi hizi zinadai nini na zinafikisha wapi. Maofisa, hakikisheni kwamba tunalowaambia vijana hao ni kweli.