Chuki Iliyovaa Suti: Vijana, Tujifunze Kuitambua



Leo nataka tuzungumze habari ya Ulaya, halafu tujiangalie na sisi. Kaa kitako, nisikilize hadi mwisho.

Ukiambiwa kuna wabaguzi Ulaya, unafikiria nani? Vijana wamenyoa vichwa, wamevaa mabuti, wanapiga watu barabarani. Hao wapo. Lakini kuna wengine wamesoma, wamevaa vizuri, wanaongea kwa upole, na wana kamera. Wanaitwa Waidentitari. Hao ndio wa kuwajua.

Mwezi Oktoba 2012, kundi la Ufaransa kwa jina Génération Identitaire lilipanda juu ya msikiti uliokuwa ukijengwa mjini Poitiers. Wakatundika bango. Kwa nini Poitiers? Kwa sababu ndiko Charles Martel alikolishinda jeshi la Waislamu mwaka 732. Yaani Muislamu wa leo, fundi ama dereva anayetaka tu mahali pa kusujudu, kwao ni jeshi lililovamia. Hawakupiga mtu siku ile. Walichotaka ni picha, na picha wakapata.

Nadharia yao ni moja. Mfaransa Renaud Camus aliiandikia kitabu mwaka 2011, akaiita "badiliko kuu": ati kuna njama ya kuwaondoa Wazungu Ulaya na kuwaweka Waafrika na Waislamu mahali pao. Hebu ifikirie hiyo kauli. Ukishamwaminisha mtu kwamba jirani yake ni adui mvamizi, hata mtoto mchanga na mama mjamzito anawaona ni silaha. Humwambii aue. Unamwachia amalizie mwenyewe.

Na kuna aliyemalizia. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, mjini Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliingia misikiti miwili na kuua Waislamu 51. Jina lake silitaji, hastahili. Maandishi aliyoyasambaza aliyapa jina la nadharia hiyohiyo. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amemtumia Martin Sellner, kiongozi wa Waidentitari wa Austria, euro 1,500, na Sellner akamjibu kwa shukrani. Sellner alikana kuhusika na mauaji yale, na tuwe waadilifu, hilo tuliseme. Lakini swali linabaki: anayemwaga petroli kila siku, moto ukiwaka anasema kiberiti si changu, tumwambieje?

Tusidhani mambo yaliishia hapo. Serikali ya Ufaransa ilivunja Génération Identitaire mwaka 2021, lakini fikra haivunjwi kwa amri. Novemba 2023, Sellner alikuwa kwenye kikao cha faragha hotelini karibu na Potsdam, Ujerumani, na baadhi ya wanasiasa wa chama cha AfD walikuwepo. Waandishi wa Correctiv waliripoti kwamba alieleza mpango wa kuwarudisha watu "kwao", wakiwemo raia ambao yeye anaona hawajafanana na Wajerumani vya kutosha. Raia, jamani! Kijana wa Garissa ama Mandera aliyewahi kuulizwa vyeti vya babu yake ndipo apewe kitambulisho, hahitaji kuelezwa uchungu wa neno hilo.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana huu hauenei sana kwenye simu zetu. Habari ile ilipotoka Januari 2024, mamia ya maelfu ya Wajerumani walijaa barabarani kuipinga. Wengi wao si Waislamu. Na mwaka 2017, Waidentitari walipokodi meli ya C-Star kwenda kuwazuia wahamiaji Bahari ya Mediterania, wavuvi wa Zarzis, Tunisia, walikataa isitie nanga bandarini kwao. Hawakurusha hata jiwe. Meli ilipoharibika baharini, waliotumwa kuisaidia ni watu wa Sea-Eye, kundi la waokoaji wa wahamiaji!

Kwa hivyo atakayekujia akwambie Wazungu wote ni maadui, dunia imegawanyika mara mbili, na ni lazima uchague damu, mwangalie vizuri. Huyo anasema maneno ya Sellner kwa kilemba. Kule wanasema Muislamu hawezi kuishi na Mzungu. Huku wanasema Muislamu hawezi kuishi na Mkristo. Wanahitajiana. Kila bomu la huyu ni hotuba ya yule.

Na wote wawili wanamtafuta kijana yuleyule: aliyedharauliwa, hana kazi, amesukumwa na askari, hana wa kumsikiliza. Wanampa jina, ndugu wa kupanga, na mtu wa kumchukia. Uchungu wako ni wa kweli, sitakuficha. Dhulma ipo hapa Kenya, na harakati hii ipo kwa ajili hiyo. Lakini dhulma inadaiwa mahakamani, kwa wakili, kwa maandamano ya amani, kwa kura. Hatudai haki yetu kwa kumnyang'anya mwingine uhai.

Nimalizie na hili. Desemba 2015, magaidi walisimamisha basi la kwenda Mandera wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Mungu amrehemu.

Hakuna kitabu cha mbaguzi yeyote wa Ulaya kinachoweza kumweleza mtu kama yule. Akituangalia sisi, anatafuta wale waliotenga. Tusimpe. Tumuonyeshe waliokataa kutengana.

Ukiletewa video ya chuki leo usiku, ya upande wowote, isiishie mikononi mwako ikasonga mbele. Ifute, kisha mpigie simu rafiki yako aliyenyamaza siku nyingi. Huenda kuna mwingine anampigia.