Jina Lisomwe Mwisho: Kutathmini Uhalisi na Hali ya Upanga wa Kale wa Kijapani



Katika mada hii natetea jambo moja: anayetaka kujua kama upanga wa kale wa Kijapani ni halisi aanze na chuma chenyewe, na jina la mhunzi alisome mwisho. Wengi wetu, wa makumbusho na wa biashara ya vitu vya kale, tunafanya kinyume. Upanga ukifika mezani tunavua mpini, tunapiga picha maandishi, na tukiambiwa kuwa mhunzi ni maarufu tunaona kazi imekwisha.

Wajapani wenyewe wamesumbuliwa na majina ya uongo kwa karne nyingi. Nagasone Kotetsu, mhunzi wa Edo wa karne ya 17, aliigwa mno hata wajuzi wakawa wanaonya kwamba ukiona Kotetsu, uichukulie kuwa bandia kwanza. Masamune, aliyefua katika jimbo la Sagami mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ya 14, aliacha kazi chache mno zenye sahihi. Kwa hiyo jina lake likionekana limechongwa waziwazi, litutie shaka kabla ya furaha. Hata jina la kweli laweza kueleza kidogo tu. Sukesada lilitumiwa na wahunzi wengi wa Osafune, jimbo la Bizen, na baadhi ya kazi zao zilifuliwa harakaharaka kwa mahitaji ya vita. Ndiyo maana katika mafunzo ya utambuzi, ambayo huko huitwa kantei, sehemu yenye jina hufunikwa. Mwanafunzi hutazama umbo na chuma, kisha huandika kwenye karatasi mhunzi anayemdhania.

Hamoni, yaani ile alama inayofuatana na makali, inastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubapa. Mhunzi hupaka udongo, mwembamba kwenye makali na mzito mgongoni, akauchoma upanga hadi uwe mwekundu, kisha akautumbukiza majini. Makali hupoa ghafla yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki na unyumbufu. Mpaka wa sehemu hizo mbili ndio hamoni. Zima taa nyingine zote, acha glopu moja tu, elekeza ncha kwenye glopu hiyo, kisha inua na kushusha upanga kidogo kidogo mpaka mwanga uteleze juu ya chuma. Penye hamoni ya kweli utaona chembe zinazometa moja moja, ziitwazo nie, au ukungu mwembamba uitwao nioi. Hamoni iliyochorwa kwa asidi ni nyeupe na bapa, haibadiliki ukigeuza upanga, na chini ya lenzi haina chembe hata moja.

Baada ya hapo ndipo tuvue mpini. Sukuma kigingi cha mianzi kitoke, shika mpini kwa mkono wa kushoto upanga ukiwa wima, kisha piga ngumi hiyo ya kushoto kwa ngumi ya kulia, taratibu, hadi chuma kilegee. Kipande kilichokuwa ndani ya mpini huitwa nakago, na kutu yake ni ushahidi. Kutu ya karne nyingi ni nyeusi au kahawia iliyokolea, laini, imeenea sawasawa. Kutu iliyolazimishwa kwa kemikali ni nyekundu, ya unga, yenye vishimo. Tazama pia ndani ya mistari ya herufi: kama rangi ya humo ni tofauti na ya chuma kinachoizunguka, jina lilichongwa baada ya kutu kuota. Matundu mawili au matatu ya kigingi yaonyesha mara nyingi kwamba upanga umefupishwa, na panga nyingi nzuri zilipoteza jina kwa njia hiyo. Upanga usio na jina basi si lazima uwe duni.

Mapambo ya nje nayo yasitutawale. Katika Vita vya Pili vya Dunia maofisa wengi wa Kijapani walitia panga za ukoo wao kwenye ala za kijeshi, kwa hiyo ala ya jeshi yaweza kuficha chuma cha karne ya 16. Kinyume chake pia hutokea: ala nzuri ya kale, na ndani yake upanga wa vitani uliopozwa kwa mafuta, wenye muhuri wa mji wa Seki kwenye nakago.

Kuhusu hali, si kila dosari ni msiba. Upenyo mdogo unaofuata tabaka za chuma huvumilika, na pengo dogo kwenye makali huondolewa na mnoaji ikiwa halijavuka hamoni. Hagire ni jambo jingine: ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kimshazari au wima. Upanga wenye ufa huo unaweza kukatika, na thamani yake huporomoka hata kama mhunzi ni mkubwa. Kagua pia ncha: kwa kawaida hamoni hugeuka humo kurudi mgongoni. Ikiishia hewani, huenda ncha ilivunjika ikachongwa upya. Panga zilizonolewa mno huwa nyembamba, na chuma cha ndani, kisichovutia macho na chenye rangi hafifu, hujitokeza ubavuni. Nyingine ziliungua, kisha zikachomwa na kupozwa upya ili makali yawe magumu tena. Yasutsugu wa Echizen alifanya kazi hiyo kwa panga zilizoungua katika kuanguka kwa ngome ya Osaka mwaka 1615. Hizo zina thamani ya kihistoria, lakini ripoti lazima iseme wazi kwamba zilipozwa upya.

Vyeti navyo tuvitofautishe. Kadi ya usajili ya Japani ni ruhusa ya kisheria ya kumiliki, haithibitishi mhunzi. Vyeti vya utambuzi hutolewa na NBTHK, jumuiya ya Tokyo ya kuhifadhi panga za Kijapani iliyoanzishwa 1948, kwa ngazi nne, Hozon ikiwa ya chini na Tokubetsu Juyo ya juu.

Naomba sana: nakago isisuguliwe kamwe, wala ubapa usiguswe kwa vidole, kwa maana chumvi ya jasho huanzisha kutu. Mafuta ya jadi ya kuuhifadhi yana karafuu, na wenzetu wa Unguja na Pemba watayatambua kwa harufu. Yapakwe kwa kitambaa laini, tabaka jembamba. Kutu iliyopo tayari aachiwe mnoaji aliyefunzwa kazi hiyo.